Dakika Kumi za Shangazi

Kiwandani walimwita Shangazi, wakubwa kwa wadogo, hata meneja aliyemzidi umri. Alikuwa ameshona kola za mashati kwa miaka kumi na tisa, na sita ya mwisho mgongo ulikuwa ukimtesa, ila alifyata ulimi. Anayelalamika, waliamini wote, ndiye wa kwanza kupunguzwa kazini.

Siku jirani yake, mshona vifungo, alipozimia na kujigonga paji la uso kwenye mashine, Shangazi alimfunga jeraha, kisha akapanda moja kwa moja ofisini. Alitaka viti vyenye egemeo, dakika kumi za kunyoosha viungo asubuhi na mchana, na muuguzi wa kupima presha kila mwezi. Meneja alimjibu kwamba oda zimechelewa, na kusimamisha watu themanini si mchezo.

"Mzee, kila siku tunafumua mashati mangapi kwa sababu ya mikono iliyochoka?"

Meneja alikuna kichwa. Akakubali kujaribu mwezi mmoja, tena kwa mafundi wa upande wa Shangazi tu.

Mwanzoni ilikuwa vicheko. Mkata vitambaa aliinama kushika vidole vya miguu, akaishia magotini, akadai vidole vimehama. Lakini kufikia wiki ya tatu mashati ya kufumuliwa yalikuwa yamepungua nusu, na hakuna aliyekosa kuja kazini kwa ugonjwa. Wa upande wa pili wakaanza kuuliza zamu yao lini.

Muuguzi alipofika, Shangazi aliwapanga wenzake foleni, mwenyewe akajitia ana kazi. Mshona vifungo akamfuata.

"Shangazi, umetuburura sote hapa. Wewe unaogopa nini?"

Akakaa. Presha yake ilikuwa juu kuliko ya wote. Alimwaza mama yake aliyeanguka ghafla jikoni, hajapimwa hata siku moja. Kisha akauliza dawa zinamezwa saa ngapi.

Hakuficha. Kesho yake aliwaeleza wenzake bila kupepesa, na mwezi uliofuata watu kumi na mmoja waliokuwa wakikwepa kipimo wakajitokeza.

Mwaka ulipokwisha, kiwanda kizima kilikuwa kikinyoosha viungo, oda zilikuwa zikitoka kabla ya siku yake, na mafundi hodari waliozoea kuhamia viwanda vingine wakatulia. Asubuhi moja meneja naye alishuka, akavua koti, akasimama nyuma kabisa, mkavu kama ubao. Shangazi alimwendea, akamshika kiwiko, akamwonyesha taratibu namna ya kupandisha mkono.

"Pumua, Mzee," akamwambia. "Hakuna anayekukimbiza."