Hatua Tatu na Kugeuka

Ngozi ya ngoma ikipashwa moto hutoa harufu ya nywele zilizoungua na mafuta ya nyonyo. Nikiisikia tu, ndugu zangu, namwona mama yangu uwanjani Lisekese, kwetu Masasi, kaniki kaifunga kifuani, akipiga hatua tatu mbele, kisha akigeuka taratibu kama mtu aliyeitwa.

Mama alikamatwa na wafanyabiashara wa watumwa angali mdogo, meno ya utoto hayajamwisha. Jina la kijiji chao hakulijua. Msafara ulipovunjika karibu na Masasi alibaki hapo, akaolewa, akanizaa mimi, Asumini. Cha kwao alichobaki nacho kilikuwa ile ngoma na wimbo wake, nao aliukumbuka nusu tu. Masasi ilijaa watu wa namna hiyo. Siku ya ngoma kila mmoja alicheza ya kwao huku akizikagua nyuso za watazamaji.

"Mguu hausahau," mama alikuwa akisema. "Iko siku mtu atanijibu."

Nilikuwa na miaka kama minane vita vya Maji Maji vilipokwisha. Wajerumani na askari wao walikuwa wamechoma vihenge vya nafaka na mashamba, njaa ikawasukuma watu njiani. Asubuhi moja bibi mmoja, miguu imemvimba, aliketi kwenye kivuli cha nyumba yetu. Nikamwamkia shikamoo, marahaba yake ilikuwa ya midomo tu. Mama alikuwa akitwanga ming'oko, mizizi ya porini tuliyoishi kwayo, akiimba wimbo wake chinichini. Alipofika pale unapomkatikia, bibi akaumalizia.

Mchi ukamtoka mama mkononi.

"Bibi, huo mnauimba wapi?"

"Limbalila, mwanangu. Kwetu."

Mama alilirudia jina lile, akicheka na kulia, akanikumbatia hadi mbavu zikaniuma.

"Nipeleke, bibi! Nguvu zikikurudia, nipeleke."

Bibi akaisugua miguu yake iliyovimba. "Kwa nani? Nyumba walizichoma. Waliosalia tumewazika njiani. Mimi ndiye niliyetoka wa mwisho."

Tulimkorogea uji. Siku ya tatu akafa, na mama akamwosha kama anayemwosha mamaye.

Mwaka uliofuata mvua zilirudi, na ngoma zikarudi, lakini mama hakwenda uwanjani. Nilimkasirikia. Si alikuwa amepata alichokitafuta, jina na wimbo mzima? Nikamwomba anifundishe ile nusu ya pili.

"Umwimbie nani?" akaniuliza, akaendelea kupalilia.

Alikufa bila kunifundisha. Wajukuu zangu wakiniuliza asili yetu, nawatajia Limbalila. Wakiniuliza iko upande gani, sijui niwaonyeshe wapi. Nimeelewa nikiwa mzee kwamba kutojua ndiko kulikompa mama nguvu za kucheza. Kijiji chake kilipokuwa hakina jina, kilikuwa na watu.