Pacha Asiyeguswa na Chuma

Kazini walimwita Mlezi, maana kazi yake ilikuwa kulisha seli za ubongo. Kila asubuhi alivitoa visahani kwenye kabati la joto, akabadilisha maji ya lishe, kisha akachungulia kwenye hadubini. Seli zilikuwa zimenyoosha matawi membamba, zikipapasana kama watu wanaotafutana mikono gizani.

Juma lile mkuu wa maabara alitia vumbi la chuma kwenye visahani, vumbi laini kuliko unga, lisiloonekana kwa macho. Kimoja tu hakukitia kitu. Siku zote huachwa kimoja cha kulinganishia. Mlezi alichungulia, akafuta kioo, akachungulia tena. Seli zilizolishwa chuma zilikuwa zimejikunyata, matawi zimeyarudisha kifuani. Za kile kisahani kingine zilinawiri.

Akamfikiria mumewe. Huyo alikuwa fundi wa kuchomelea mageti, moshi wa chuma ameuvuta tangu ujana, na siku hizi alikuwa msahaulifu kupindukia. Akitumwa sabuni, anarudi na mkate. Chai anaitia sukari, anakoroga, anaitia tena.

Akamburura hadi hospitali. Daktari akampima, akatoa damu, akawaambia wasubiri majibu. Kusubiri huko kulimnyima Mlezi usingizi, mpaka akaamua kufanya kama kazini: atafute wa kulinganishia.

Hakuwa mbali. Mumewe alikuwa na pacha, fundi cherehani, mtu ambaye chuma kikubwa alichowahi kushika ni mkasi. Jumapili akaalikwa chakula.

"Baba watoto, na wewe shemeji, nileteeni vitunguu, kiberiti na sabuni."

Walirudi wakicheka, wamebeba mkate na soda.

"Na sabuni?"

Ndugu wakatazamana. "Si ulisema utashika wewe?" akauliza pacha.

"Mimi? Mimi nilishika soda!"

Mumewe akajipapasa mifuko. "Haya, nipigieni simu dukani. Nimeiacha yangu juu ya kaunta."

Chai ikaja. Pacha akatia sukari, akakoroga, akasimulia habari za mteja wake mbishi, akatia tena. Mlezi akaangua kicheko, akacheka hadi machozi yakamtoka, na machozi mengine hayakuwa ya kicheko.

"Shemeji, kulikoni?"

"Hata wewe! Hata wewe kichwani hamna kitu!"

"Makubwa! Naitwa kula, kumbe naitwa kutukanwa."

Ikabidi awaeleze. Mumewe akashika kiuno. "Yaani umetugeuza visahani?"

"Wewe ndiye uliyelishwa vumbi. Yeye ni wa kulinganishia."

"Basi mimi ndiye ninayenawiri," pacha akasema, akijipigapiga kitambi.

Majibu yalipotoka, damu haikuwa na neno. Usahaulifu ule, daktari alisema, ni wa kutosikiliza tu. Ila moshi si wa kuchezea: avae barakoa, aweke na feni.

Mlezi hakutaka kubahatisha. Aliifunga barakoa kwenye mpini wa mashine ya kuchomelea, ili mkono usishike kimoja bila kukutana na kingine.

Huko maabara, visahani vilikuwa vimeoshwa chuma na kupewa lishe safi. Asubuhi moja alichungulia, akashusha pumzi. Pembeni, seli moja ilikuwa imenyoosha tena tawi jembamba, ikipapasa, ikimtafuta jirani.

Akampigia mumewe simu kumweleza. Ilipokelewa na muuza duka.