Siku Tatu za Kumpunga Ndugu Yangu

Ijumaa ya pili baada ya Idi ndogo, mwaka jana, nilimpoteza mdogo wangu wa tumbo moja. Alikuwa na skizofrenia. Kwetu Malindi jina hilo halitamkwi. Watu husema fulani ana pepo, na wakishasema hivyo hujiona wamemaliza elimu yote.

Hakuwa mkorofi. Kilichomtesa ni sauti za kujirudia. Jirani akitwanga, mfereji ukivuja tone tone, yeye alijifunika mto kichwani akatetemeka. Muuguzi wa kliniki alinieleza kwa maneno ya kueleweka na mtu kama mimi, ambaye sikusoma sana: ubongo wetu ukisikia kishindo, cha pili hukipunguza, na cha kumi hatukisikii tena. Kwake kila kishindo kilifika kipya, kama cha kwanza. Akampa dawa, akaniambia nyumba iwe tulivu.

Nikayapeleka maneno hayo kwa ami yetu, mkubwa wa ukoo. Akacheka mpaka akakohoa. Akaniuliza tangu lini fundi wa viatu amekuwa daktari wa masikio. Kisha akaita watu wa ngoma waje wampunge pepo, siku saba. Mgonjwa wa kelele atibiwe kwa ngoma: hilo liliwaingia akilini watu wazima wenye ndevu, na hakuna hata mmoja aliyeona haya.

Walimkalisha katikati, wakamfukiza ubani, wakapiga. Siku ya pili alinishika kanzu.

"Kaka, waambie wanyamaze kidogo tu. Kidogo."

Ami akapiga makofi kwa furaha. "Mwasikia? Pepo lishaanza kuomba. Kazeni."

Wakakaza. Nami nikakaa. Ninawadharau wote waliokuwa pale, na mwenyewe sijitoi.

Siku ya tatu, wapigaji walipokwenda kuswali Ijumaa, alitoka akaelekea kaskazini kwa miguu. Alasiri wavuvi wa Sabaki walimtoa mtoni. Sijui kama aliteleza au alitaka, sitasema nisilolijua.

Matangani ami alikaa mkeka wa mbele akiwaeleza wageni kuwa zingetimia siku saba, kijana angepona. Wakatikisa vichwa kwa masikitiko. Mimi nilikuwa nimesimama na dele la kahawa.

"Ami," nikasema, "alikuomba kimya."

"Lile lilikuwa pepo," akajibu bila kunitazama, akaninyooshea kikombe.

Nikammiminia.