Kompyuta Iliyogoma Siku ya Sendoff

Mimi nina mdomo, najua. Wateja wangu wa Omurushaka wanalalamika kwamba nawafokea, lakini kompyuta zao wananiletea vilevile, maana zikitoka mikononi mwangu zinawaka. Ndiyo maana Jumamosi ile nilipopigiwa simu kutoka Igurwa na mwanaume mzima, baba wa watoto, akaanza kuniambia kwa sauti ya kilio kwamba kompyuta yake imekufa, nilimkatisha hapohapo.

"Kompyuta haifi, inagoma. Niambie ilianzaje."

Nilikuwa namfahamu. Ni yule anayerekodi ibada na harusi za kwetu, mteja wangu wa siku nyingi. Akaniambia radi ilipiga wiki iliyopita ikaunguza kadi ya grafiksi, kile kipande kinachopeleka picha kwenye skrini. Akaagiza nyingine Mwanza, ikafika asubuhi ileile. Kwa vile mimi nilikuwa sijafungua duka, akaamua kuifunga mwenyewe. Sasa feni zinazunguka, taa zinawaka, skrini nyeusi tii. Na siku hiyohiyo, saa nane mchana, ilikuwa sendoff ya mdogo wake wa kike.

"Sasa sendoff inahusiana nini na kompyuta? Pigeni muziki kwa simu."

"Dada, humo ndani yumo baba," akasema.

Hapo nikaanza kutafuta begi langu la zana. Baba yao tulimzika kabla ya msimu wa kahawa. Alipoona ugonjwa umemzidi alimwita huyu mwanawe na kamera yake, akasema maneno ya kumuaga binti yake, ili siku ya sendoff yasikike. Kamera iliibiwa baadaye. Maneno yalibaki kwenye kompyuta ile peke yake, na mama yao hakuwa na moyo wa kuyatazama kabla ya siku yenyewe.

Na halikuwa suala la machozi tu. Bwana harusi anatoka Kyerwa, upande wa Nkwenda, na babu yake alitoka Burundi akaja huku kuchuma kahawa za watu. Baba mdogo wa bibi harusi, ambaye ndiye angesimama mahali pa marehemu kumkabidhi binti, alikuwa amekataa. Alisema kaka yake hakuwahi kuikubali ndoa ile. Wakamwambia alikubali, tena ipo video. Akajibu kwamba za kuambiwa hazimtoshi. Akimsikia kaka yake kwa masikio yake mwenyewe, atasimama. Asipomsikia, anajiondokea, na wageni wa Nkwenda wamtafute wa kuwapa mke.

Nilipanda bodaboda nikiwa nimeudhika kweli. Bibi yangu mzaa baba naye alivuka mpaka akitokea Rwanda na jembe begani, na huyu mjukuu wake ndiye anayewashia watu kompyuta wilaya nzima. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Kufika mteremko wa mwisho pikipiki ikakwama kwenye tope, nikamlipa dereva nikamalizia kwa miguu katikati ya migomba, begi la zana kichwani.

Mama mwenye nyumba alinipokea mlangoni. "Karibu waitu, karibu mwanangu. Umelowa hivyo!" Nikampigia goti, nikampa shikamoo, akanishika mikono yote miwili na hakuiachia haraka. Nikavua viatu nikaingia. Sebule ilikuwa imetandikwa nyasi laini mbichi ukuta hadi ukuta, kama tunavyofanya tukingoja wageni wa heshima, na zilinukia vizuri. Meza zote zilikuwa zimetolewa nje kwenye turubai kwa ajili ya chakula. Kompyuta ilikuwa juu ya stuli, na baba mdogo amekaa kwenye kochi pembeni yake, koti limefungwa vifungo vyote, anatafuna punje kavu za kahawa taratibu.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba. Fundi ndiye wewe?"

"Ndiye mimi. Ulitegemea nani, malaika Gabrieli?"

Wanawake waliokuwa jikoni walicheka. Yeye akaendelea kutafuna.

Ningekuwa na muda ningeng'oa diski nikaipeleka dukani kwangu, nikaichomeka kwenye mashine nyingine, mambo yakaisha. Lakini kwa barabara ile ningerudi wageni wameshaondoka. Nikamwambia yule mteja wangu mbele ya watu wote, kwa sauti, ili na baba mdogo asikie: "Maneno ya baba yako yapo kwenye diski, na diski haina ugomvi na kadi. Hayajaenda popote. Kazi yangu ni kufungua njia ya picha tu." Na niliamini nilichokisema. Sijawahi kuiogopa kompyuta hata siku moja.

Mimi huanza nje, ndipo niingie ndani. Umeme upo? Upo, na haukuwa umepungua. Waya wa skrini ameuchomeka wapi? Wengi huuchomeka kwenye tundu la zamani, ambalo kwa mashine kama ile halitoi picha, huku kadi mpya imekaa inawatazama. Yeye alikuwa ameuchomeka mahali pake, nikampa sifa yake. Nikafungua ubavu. Waya wa umeme wa kadi upo, umekaa. Nikabonyeza kitufe. Feni vuu, halafu ile milio ya kulalamika, mmoja mrefu na mifupi nyuma yake. Skrini nyeusi.

"Imesema nini?" mama akauliza.

"Inasema haioni kadi, mama."

"Na kadi si hiyo hapo?"

"Ndiyo ninayogombana nayo."

Nikachomoa ramu, vile vibao vya kumbukumbu, nikazisafisha kwa ufutio, nikatoa kibetri cha mazabodi, ule ubao mkuu, nikakirudisha, maana mara nyingine mashine hung'ang'ania kumbukumbu ya kadi iliyokufa. Nikawasha. Milio ileile. Baba mdogo akakohoa kikohozi cha mtu anayejiandaa kuondoka. Nje mtu akapaza sauti kwamba gari za Nkwenda zimeshapita shuleni. Bibi harusi akachungulia kutoka chumbani, nusu ya nywele imesukwa, macho mekundu. Nilitamani aniulize kitu, ningepata wa kumjibu.

Ndipo nikainamia kadi yenyewe kwa tochi. Upande mmoja ulikuwa umeinuka kidogo sana. Kishikizo cha pembeni kinachoifunga kadi hakikuwa kimebana.

"Ulipoikandamiza kadi, ililia ka! kama kitu kinachojifunga?"

"Ililia, dada. Haki ya Mungu, kitu kililia."

"Ulipoifunga, kompyuta uliiweka wapi?"

Akaangalia chini, kwenye nyasi. "Hapahapa. Meza zilishatoka nje. Niliilaza chini."

"Mama yangu weee!"

Nikaichomoa kadi. Ndani ya ule mfereji mwembamba inapokaa mlikuwa na unyasi mmoja, mbichi, umejikunja na kubanwa mpaka umetoa maji. Alipoilaza kompyuta na kuifungua, nyasi zikamshika mikononi na kwenye mikono ya shati, na mmoja ukadondokea pale palipo wazi. Akakandamiza kadi juu yake, upande mmoja ukaingia na kutoa ule mlio aliousikia, akaridhika. Nimeshatoa mende kwenye kompyuta, nimetoa punje za mahindi, nimetoa jino la mtoto. Unyasi wa kukaribishia wageni ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza. Nilicheka mpaka nikashika mbavu, na mama akacheka bila kujua tunacheka nini.

"Nileteeni kibano cha nyusi!" Kikatoka chumbani kwa bibi harusi. Nikautoa unyasi wote pamoja na vipande vyake, nikakausha mfereji kwa kitambaa, nikasubiri kidogo, nikauangalia tena kwa tochi. Nikarudisha kadi kwa vidole gumba viwili, na safari hii kishikizo kikajibana chenyewe. Nikawasha. Mlio mmoja mfupi, safi. Skrini ikapata mwanga.

"Hiyooo!" nikapiga kelele, na jikoni wakajibu kwa vigelegele. Yule mteja wangu akakaa chini kwenye nyasi akajifunika uso. Nikamwambia anyanyuke, bado picha ni kubwa na mbovu, nina programu ya kadi kwenye flashi yangu. Nikaiweka, tukazima, tukawasha, picha ikatulia. Nikabeba skrini, nikawaacha wenye nguvu wabebe kompyuta, tukaipanga mbele ya watu chini ya turubai wageni wa Nkwenda wakiwa wanashuka kwenye magari. Baba mdogo alikuja akakaa mstari wa mbele, mikono amekunja kifuani.

Ilipofika zamu yake, marehemu alitokea amekaa kitandani, amekonda, amevaa koti juu ya shuka.

"Umewasha? Mbona sioni taa?" akamfokea mwanawe, na watu wakacheka, kwa sababu ndivyo alivyokuwa. Halafu akapumzika, akasema taratibu.

"Mwanangu. Huyo kijana wako, siku nilipozidiwa, pikipiki ilikwama kwenye tope. Alinibeba mgongoni mpaka barabara kubwa. Sikumuuliza babu yake alizaliwa wapi. Nimemkubali." Akakohoa, tukasubiri. "Mdogo wangu atakushika mkono badala yangu. Najua atabisha. Mwambieni nimesema mimi."

Hakuna aliyethubutu kumtazama baba mdogo. Mimi nilimtazama. Mikono yake ilikuwa imeshuka mapajani.

Marehemu akaisogelea kamera. "Mwanangu, umenisikia?"

Akanyamaza, akingoja, jinsi mzazi anavyongoja mtoto aitikie. Bibi harusi, na gauni lake lote lile, alitoka kwenye kiti akapiga magoti kwenye udongo uliolowa mbele ya skrini.

"Nimesikia, baba."

Naye, kule kitandani, akatikisa kichwa kama aliyeridhika. "Haya basi."

Picha ikakatika. Nilipogeuka, baba mdogo alikuwa ameshasimama.