Mafuta ya Kwenye Tope

Mtafiti alifika kwetu Mbozi kiangazi kimoja, miaka ile tulipokuwa bado mkoa wa Mbeya. Alikuwa dada wa chuo kikuu, Mtanzania mwenzetu, mwenye mabuti ya mvua na bomba refu la chuma la kuchotea tope. Wazee wengi Kiswahili chao kilikuwa cha kuombea maji tu, hivyo serikali ya kijiji ilinichagua mimi nimtafsirie kwa Kinyiha. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba na nilizoea kusoma masomo kanisani.

Kwa siku tano nilimbebea mifuko. Alichota udongo kwenye mibuni ya kaka yangu mkubwa, akachota na kule juu mlimani kwenye baridi, na kila mahali alifukia kipimajoto kidogo. Kisha tukaenda kwenye ziwa dogo bondeni. Alishindilia bomba lake kwenye tope, akalitoa limejaa, jeusi juu, la kijivu chini.

Alinieleza, nami nilimwelewa. Ndani ya udongo na tope kuna vijidudu ambavyo jicho halivioni, yeye aliviita bakteria. Kila kimoja kimezungukwa na ngozi ya mafuta. Kukiwa na baridi kinayajenga mafuta hayo kwa namna moja, kukiwa na joto kwa namna nyingine, ili ngozi isigande wala isilegee. Kijidudu kinakufa, mafuta yanabaki. Tope la chini ndilo la zamani zaidi, kwa hiyo akiyapima mafuta ya huko atajua enzi zile kulikuwa na baridi kiasi gani. Udongo wa mibuni na wa mlimani ulikuwa wa kulinganishia, maana joto la huko vipimajoto vilikuwa vinalisoma.

Siku ya mkutano wazee waliuliza anatafuta nini. Kwa Kinyiha sikupata neno la vijidudu visivyoonekana. Lililonijia lilikuwa la funza, nikaona watacheka. Nikafupisha. Nilisema anatafuta mafuta yaliyo kwenye tope la ziwa.

Kisha mzee mmoja akasema, "Si bomba la mafuta la Zambia linapita hapo ng'ambo? Litakuwa limevuja!"

Mkutano mzima ukacheka, na mtafiti akacheka pamoja nao bila kujua anacheka nini. Kaka yangu hakucheka. Shamba lake lilishuka mpaka kwenye matete ya ziwa, na kahawa ilikuwa imemchosha. Wanunuzi binafsi mwaka mmoja waligombania gunia mlangoni kwake, mwaka uliofuata hata vumbi la gari lao halikuonekana.

Wiki moja baada ya mtafiti kuondoka, kaka alianza kuchimba shimo pembeni ya matete.

"Kaka, yale si mafuta ya gari," nilimwambia. "Ni ya vijidudu. Hata kijiko hakijai."

"Mdogo wangu, si wewe uliyesema mafuta mbele ya watu wote?"

"Nilisema vibaya."

"Ulisema vizuri. Baadaye ukavishwa kofia, sasa mdomo umekuwa mzito."

Ni kweli mtafiti alinipa kofia. Siku ile nilikuwa nimeivaa.

Nilirudi shimoni mara mbili nyingine, naye mara zote mbili alinicheka. Namba ya mtafiti nilikuwa nayo, ningeweza kumpigia azungumze naye mwenyewe. Sikupiga. Niliona haya kumwambia nilivyoyatafsiri maneno yake. Hiyo ndiyo sababu, sina nyingine.

Ukingo wa shimo ulimporomokea asubuhi nikiwa nimepeleka maharage Tunduma. Niliporudi, majirani walikuwa wameshamtoa na kumlaza juu ya majani ya migomba. Tope lilikuwa limekauka kwenye kope zake.

Kwetu, kabla ya kushusha jeneza, ndugu mmoja husoma wasifu wa marehemu, na humo hutajwa alivyokufa. Niliandika mimi, kwa kuwa mimi ndiye msomaji. Niliandika kwamba alifukiwa na udongo akiwa shambani kwake. Wachungaji wawili walinisifu kwa wasifu mfupi ulionyooka. Neno langu la mkutanoni sikuliandika.

Baada ya tanga kuanuliwa, mjane wake aliniita jikoni.

"Shemeji, wewe ulikuwa na yule dada. Kwenye lile tope mafuta yapo au hayapo?"

Sikuweza kumdanganya. "Yapo."

"Basi hakufa bure," alisema, akainama kuchochea moto. Nilitaka kuongeza ni mafuta ya namna gani. Lakini mabega yake yalikuwa yameshuka kwa mara ya kwanza tangu msiba, nami nikamsogezea kuni.

Kiangazi kilichofuata kaka wawili wa mjane walikuja kutoka Ileje na majembe na sururu. Nilipopata habari niliteremka bondeni mbio. Safari hii nilisema yote, kwa Kiswahili, nikiwa nimesimama ukingoni: vijidudu, ngozi zao, baridi ya zamani, kofia, kosa langu mkutanoni. Mkubwa wao aliegemea jembe akanisikiliza mpaka nilipomaliza, kwa heshima kabisa, kama watu wanavyomsikiliza mfiwa.

"Pole sana, shemeji," alisema. "Sasa yule dada, bomba lake lilishuka futi ngapi?"