Mahakama ya Darasa la Nane

Padre aliponiita ofisini kwake nilidhani ni habari ya chaki, kwa kuwa chaki zilikuwa zimechelewa kufika kutoka Tabora. Nikamkuta amesimama, naye hakuwa na kawaida ya kusimama anapozungumza nasi.

"Mwalimu," akasema, "darasa la nane nitampa kijana mpya. Wewe utashika la tano."

Nikajibu, "Sawa, Padre." Tulifundishwa utii tangu utotoni, na mimi baba yangu alikuwa katekista.

"Ni kumjaribu tu," akaongeza. "Tumwangalie hadi likizo ya Desemba. Asipoweza, darasa linarudi kwako."

Maneno hayo ya mwisho nikaondoka nayo, na nikaishi nayo mwaka mzima.

Msomaji wa leo huenda asielewe uzito wa jambo hilo. Darasa la nane ndilo lililokuwa la mwisho katika shule yetu ya misheni, kaskazini ya mji wa Tabora. Mwalimu wake ndiye wazazi waliyemwita Mwalimu tu, bila kuongeza neno. Sisi wengine tulikuwa walimu wa watoto. Mtu akienda Igunga kununua ng'ombe, au akipanda treni kwenda Mwanza, akikutana na kijana aliyesoma kwetu, kijana humtaja mwalimu wa darasa la nane kwanza, na wengine kama atawakumbuka. Mimi nilikuwa nimetajwa hivyo kwa miaka mingi, na nilikuwa nimezoea.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya Mwingereza. Habari za kupiga kura zilikuwa zimeanza kusikika mpaka kwenye magulio, na shule zikaagizwa kuwafundisha wanafunzi jinsi nchi inavyotawaliwa na watu waliochaguliwa. Somo tuliliita uraia. Siku hizi wanasema mihimili mitatu ya dola. Sisi tulisema matawi matatu ya serikali: wanaotunga sheria, wanaozitekeleza, na wanaohukumu. Nilikuwa nimelifundisha kwa uaminifu, kuanzia darasa la tano hadi la nane. Niliandika ubaoni kwa mwandiko mzuri, wanafunzi wakanakili, wakakariri, na mkaguzi alipokuja waliyasema yote bila kukosa hata neno.

Mara moja tu msichana mmoja, mtoto wa wafugaji wa upande wa Igunga aliyekuwa akiishi kwa shangazi yake karibu na misheni, alininyooshea mkono. "Mwalimu, Bwana DC yuko tawi gani?"

Nikamtazama. Bwana DC, Mwingereza aliyetawala wilaya yetu, alitoa amri, alikusanya kodi, na kesi zikamfikia yeye. "Kaa chini," nikamwambia. "Hilo halimo kwenye somo." Akakaa. Alikuwa mwanafunzi wangu bora tangu darasa la tano, na alikuwa na adabu.

Huyo mwalimu mpya alikuwa amezaliwa mjini Tabora. Baba yake alikuwa Mzaramo aliyeletwa na kazi ya reli. Hapo ndipo mambo yangu yalipoanza kuharibika, kwa sababu Wazaramo na sisi Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, babu zetu walipobeba pembe za ndovu kwenda pwani kwa njia ile ile inayopita nyuma ya kanisa letu, wakifika kule na kulala kwa watu wa kule, wakila vyao na kutukanana nao bila kukasirikiana. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza kila mtu alikuwa na ruhusa ya kumtania kijana yule, naye akawa na ruhusa ya kumtania kila mtu. Bibi kizee aliyeuza mihogo alimwita mume wake. Mpishi wa mapadre alimpokonya kofia. Mimi nimekaa pale miaka yote, nikisalimiwa kwa heshima, "Shikamoo Mwalimu," nami "Marahaba," na mtu akapita. Hakuna aliyewahi kunipokonya kofia.

Ukuta kati ya darasa la tano na la nane haukufika juu kwenye paa, kwa hiyo nilisikia yote. Nilisikia madawati yakiburutwa. Aliwagawa wanafunzi: wa dirishani watunge sheria, wa mlangoni wazitekeleze, wa nyuma wawe mahakama. Aliwaambia wamfikirie kiongozi wa msafara ambaye ndiye anayechagua njia, ndiye anayegawa chakula, na ndiye anayeamua nani amekosa. "Akikosa yeye, nani atamwambia?" akauliza. Wakapiga kelele wote kwa pamoja. Kisha yule msichana wangu, nikaitambua sauti yake, akauliza lile swali lake la Bwana DC.

"Aa," akasema kijana. "Haya, mwekeni. Mnamweka wapi?"

Walibishana mpaka kengele. Hawakupata jibu, na walitoka wakiwa wanaendelea kubishana. Darasa langu la tano, waliokuwa wakifanya hesabu za kugawanya, walikuwa wametega masikio kama mimi.

Mchana ule nilimweleza mke wangu kwamba kijana yule anacheza badala ya kufundisha.

"Wanacheka?" akauliza.

"Wanacheka sana."

"Na wewe unasikiliza?"

"Ukuta haufiki juu, mama watoto. Nifanyeje?"

Akaendelea kuchambua mchele.

Mchezo ukageuka serikali. Walichagua baraza lao kwa kura za punje za mahindi ndani ya chungu. Msichana yule akawekwa kuwa hakimu. Baraza likatunga sheria ya zamu za maji, na ya kutopigana kwenye foleni ya uji. Halafu, mvua zilipokaribia, likatunga moja iliyowashtua wengi: kazi ya mwanafunzi ni ya shule, si ya shamba la mtu. Ninyi wa leo hamjui, lakini kila mwalimu wakati ule alikuwa na kijishamba chake, na waliochelewa kengele au waliosahau sala walipelekwa kukilima. Haikuwa dhambi. Hata mimi nilipokuwa mwanafunzi nililima mashamba ya walimu wangu.

Mvua ya kwanza ikanyesha, na kijana yule, ambaye labda hakufikiri kwamba sheria ya watoto inamgusa, akawatuma wavulana waliochelewa wakamlimie matuta ya karanga. Siku ya pili nikasikia madawati yanaburutwa kwa namna nyingine.

"Mshtakiwa aingie," ikasema sauti ya msichana.

"Nimo humu tangu asubuhi," akajibu mwalimu. Darasa likacheka.

"Mshtakiwa asimame. Na asicheke."

Mimi nikaweka chaki chini taratibu.

"Mwalimu, uliwatuma wavulana kulima shambani kwako?"

"Niliwatuma. Walichelewa kengele. Ilikuwa adhabu."

"Adhabu ya shule au yako?"

"Ya shule."

"Karanga zitakazoota, zitakuwa za shule?"

"Hapana," akasema. "Zitakuwa zangu."

Mvulana mmoja akadakia, "Mheshimiwa Hakimu, tumsamehe! Mzaramo huyu, jembe atalijulia wapi?" Kicheko kikalipuka.

"Mahakamani hakuna utani," akasema msichana, na wakanyamaza kama wamefunikwa. Kisha akatoa hukumu kwa ile sauti yake ndogo: yale matuta waliyolima wavulana, karanga zake ziende jikoni kwa shule. Yaliyobaki mwalimu atalima mwenyewe, kwa mikono yake.

Nilingoja sauti ya fimbo. Nilingoja amwambie akae chini. Sitaficha kwamba nilingoja kwa furaha, maana kwa vyovyote vile alikuwa amekwisha: akikubali amejishusha mbele ya watoto, akikataa mchezo wake umevunjika.

"Nimesikia, Mheshimiwa," akasema.

Kabla ya jioni habari ilikuwa imeenea misheni nzima. Walimu wenzangu walikasirika kweli, wakaenda kwa Padre, na Padre akaniita.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina. Kaa, Mwalimu. Watoto wamemhukumu mwalimu wao. Kesho watanihukumu mimi, keshokutwa Baba Askofu. Wewe ndiye mkubwa wa walimu hapa. Niifunge mahakama yao au niiache? Nikiifunga, yule anakwenda darasa la tano na wewe unarudi kwako. Sitangoja Desemba."

Darasa langu lilikuwa mezani mbele yangu, limepakuliwa. Nilikuwa na sababu nzuri za kusema ifungwe, na zote zilikuwa za kweli: adabu, umri, heshima ya walimu. Nikashangaa kusikia mdomo wangu ukisema, "Nipe mpaka kesho asubuhi, Padre. Nisali kwanza."

Nikaingia kanisani na rozari yangu. Katika fungu la pili nikagundua kwamba nilikuwa nikipanga madawati ya darasa la nane, nani nitamketisha wapi. Nikaanza upya. Nikapotea tena pale pale. Basi nikatoka, nikashika njia ya nyuma ya kanisa kwenda nyumbani, na njia hiyo inapita kwenye shamba la yule kijana.

Alikuwamo. Amevua shati, jembe amelishika karibu mno na chuma, na matuta yake yalipinda kama njia ya mlevi. Wanawake waliotoka gulioni walikuwa wamesimama kumwangalia.

"Ee mtani! Hilo ni tuta au kaburi la panya?"

"Kaburi la babu yako! Alitupa mzigo wa pembe akakimbia, tukamkuta hapa!"

"Kwenu wanalima kwa mdomo?"

"Kwetu wanalima wake zetu. Niachieni mmoja basi!"

Wakapiga vigelegele kwa kucheka. Mimi nilicheka pia kidogo, kisha nikaacha, kwa sababu niliona upande wa pili wa njia. Wanafunzi wa darasa la nane walikuwa pale, wamejifanya wametoka kuteka maji. Wao hawakucheka. Msichana hakimu alikuwa na debe kichwani, limejaa, maji yanamchuruzika shingoni, wala hakulitua. Alitazama lile jembe likipanda na kushuka jinsi watu wanavyotazama Misani wakati wa mageuzo, padre anapoinua hostia, na wenzake vivyo hivyo. Walikuwa wakingoja kuona kama mtu mzima, mwenye fimbo, ataendelea mpaka mwisho kwa sababu tu neno lao limesema.

Miaka yote niliyowafundisha sikuwahi kutazamwa hivyo. Nikaona wivu kama maji ya moto kifuani. Niliuonea wivu hata ule upindaji wa matuta yake. Na papo hapo nikajua kwamba Padre akiifunga ile mahakama kesho, watoto wale watajifunza somo moja tu la uraia na hawatalisahau: kwamba ulikuwa mchezo, na wakubwa wakichoka kucheza wanachukua vyao. Na mimi ndiye nitakayesimama mbele yao Jumatatu kuwaandikia ubaoni matawi matatu.

Asubuhi nikamwambia Padre, "Iache."

"Unajua maana yake."

"Najua, Padre."

"Basi abaki na darasa. Hakuna haja ya kungoja Desemba."

Hakuna haja, nikasema. Sikusema kwa kumpenda yule kijana. Ningependa kuandika kwamba moyo wangu ulitulia baada ya hapo, kwa maana ndivyo tunavyofundisha katekisimu, lakini haukutulia. Nimemwomba Mungu neema nyingi na amenipa nyingi, mke mwema, watoto, macho yanayosoma bado. Hiyo moja ilichelewa sana.

Siku chache baadaye, jioni, pakabishwa hodi. Msichana hakimu alikuwa mlangoni, na wavulana wawili wa utekelezaji nyuma yake.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba."

"Tumekuja kukuarifu, Mwalimu. Wavulana uliowataja kwa ajili ya shamba lako la karanga, kesho hawatakuja. Sheria ni ya walimu wote." Alisema huku ametazama chini, kwa adabu ile ile aliyonisalimia nayo tangu darasa la tano. Lakini hakuondoka mpaka nijibu.

Nilikuwa nimesahau. Katika kufikiria habari za yule mwenzangu, sikukumbuka kwamba nami nina shamba.

"Nimesikia," nikasema. Halafu sikuweza kujizuia. "Mwanangu, niambie kitu. Hayo matawi matatu nilikufundisha mimi. Hukunielewa?"

Akafikiri. "Nilielewa, Mwalimu. Nilipata alama zote." Akasugua mguu mmoja kwa mwingine. "Ila sikuamini."

Nikawaambia waende salama. Walipofika njiani nikawasikia wakikimbia.

"Nani hao?" mke wangu akauliza kutoka jikoni.

"Serikali."

"Inataka nini?"

"Inataka nilime mwenyewe."

Alicheka mpaka akaketi kwenye kinu. Kisha akanionyesha jembe lilipo, nyuma ya mlango wa stoo, maana mimi sikujua.

Kesho yake nikalima tangu alfajiri hadi jua lilipopanda. Mimi ni Mnyamwezi. Matuta nimeyajua kabla ya kujua kusoma. Yangu yalinyooka, yakatoshana kimo, yakapangana kama madawati ya kanisani. Wanawake wa gulioni walipita, wakanisalimia kwa heshima, wakaenda zao.