Nilivyolima Siku ya Mazishi ya Bi Zuhura

Iko siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hunikatisha hamu ya chakula, ingawa imepita miaka mingi na kichwa changu kimeshaanza kuota mvi. Ni siku niliyochukua jembe asubuhi, nikaingia shambani, nikalima. Kwa mgeni hilo si kosa. Kwa mtu wa kijiji chetu cha Ihembe, kulima wakati jirani hajazikwa ni sawa na kumwambia mfiwa kwamba mtu wake hakuwa mtu. Nilijua hivyo. Nililima kwa makusudi.

Mzee Shabani alikuwa na duka kijijini kwetu. Babu yake alitoka Pangani kwa biashara, akaishia Omurushaka, mji mdogo jirani na kwetu, akazaa huko. Kwa hiyo sisi wakulima wa migomba na kahawa tuliuita ukoo mzima Wapwani. Mkewe, Bi Zuhura, hakuwa Mpwani hata kidogo. Alikuwa Mnyambo, mwenyeji kama sisi, binti wa wakulima wa Kituntu, aliyesilimu alipoolewa. Walikuwa na mtoto mmoja, binti, aliyekuwa ameolewa Nkwenda, upande wa Kyerwa.

Mimi niliishia darasa la saba. Baba alikuwa amefariki, na hapakuwa na wa kunisomesha zaidi. Bi Zuhura ndiye aliyeanza kuniwekea magazeti ya kufungia chumvi na sukari. Aliyachambua, akayakunja yaliyo mazima, akayaficha chini ya kaunta. Siku moja nilimsikia akimwambia mumewe, "Hilo usilichane, ni la Eliasi." Kiswahili hiki ninachokuandikia, na karibu yote niliyojifunza bila mwalimu, vilianzia chini ya kaunta ile.

Ikaja siasa ya vyama vingi. Sitavitaja vyama kwa majina, maana ubishi wake haujapoa. Mzee Shabani alipandisha mbele ya duka bendera ya chama kilichohubiri uhuru wa kila mtu kufikiri na kusema analoliamini, chama ambacho nguvu yake kubwa ilikuwa huko mwambao. Mimi nikawa katibu wa vijana wa chama kingine. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, daftari kwapani, kalamu mbili mfukoni. Nikamwendea dukani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, katibu. Leo umekuja kununua chumvi au kutuhesabu?"

"Mzee, hicho ni chama cha kwenu pwani. Hapa Ihembe kinatafuta nini?"

"Kwetu wapi?" akacheka. "Pwani nimefika mara mbili tu, na mara zote mbili nilitapika kwenye basi tangu Biharamulo. Na hilo kanisa lako la Kilutheri, mwanangu, lilianzia Ihembe?"

Waliokuwamo dukani waliangua kicheko, mmoja akapaliwa na soda.

"Mwacheni mtoto wangu," alisema Bi Zuhura, akiendelea kupima maharage. "Eliasi, gazeti lako hili hapa. Lina picha ya mgombea wenu, ila amefumba macho."

Wakacheka tena. Sikulichukua gazeti.

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Wiki ile ile, katika mkutano wa tawi, nilisimama nikapendekeza kwamba watu wa chama cha Wapwani tusishirikiane nao kwa jambo lolote, hata misibani. Hakuna kiongozi wa juu aliyetuagiza hivyo. Nililitunga mwenyewe, nikaliandika kwa mwandiko mzuri, likapigiwa makofi. Niliwaambia wenzangu ni suala la msimamo. Ukweli ni kwamba nilikuwa bado nakisikia kile kicheko cha dukani.

Wiki tatu kabla ya kura, Bi Zuhura alianguka uani akifua nguo, akafa siku hiyo hiyo. Alizikwa kesho yake.

Kwetu vijana ndio wachimba kaburi. Siku ile hatukwenda. Kaburi lilichimbwa na Mzee Shabani mwenyewe, mkwewe, na wafanyabiashara wachache waliofika kutoka Omurushaka. Wenzangu wa tawi walijifungia majumbani. Angalau wao waliona haya. Mimi, mwenye azimio langu, nikaona nionyeshe mfano. Shamba letu liko kando ya njia ya makaburini.

Jeneza likaja. Desturi ni kwamba likipita, watu hutoka mashambani na kupokezana kulibeba, asiyebeba aingie na aliyechoka apumzike. Waliolibeba siku ile hawakuwa na wa kuwapokea. Migomba ilikuwa kimya kijiji kizima, jembe langu tu ndilo lililosikika. Nikainamisha kichwa, nikaendelea. Mzee Shabani alikuwa mbele, kanzu yake ina udongo magotini. Alipofika usawa wangu hakusimama, wala hakupandisha sauti. Alisema kama mtu anayepita njia siku yoyote:

"Pole na kazi, mwanangu."

Mimi ndiye niliyepaswa kumpa pole. Nikainua jembe tena.

Mama yangu alikuwa amekwenda msibani tangu alfajiri bila kuniuliza maoni. Alirudi jioni, akanawa miguu, akakaa.

"Tulikuwa tunamenya ndizi," alisema, "tukasikia jembe. Mwanamke mmoja mgeni akauliza, 'Nani huyo ambaye hajapata habari?' Nikamjibu, 'Ni mwanangu. Habari anayo.'"

Jambo hilo hajaligusa tena mpaka leo.

Zamani mtu kama mimi angeitwa na wazee, angetozwa mbuzi, angepelekwa kwa mfiwa kuomba radhi, na jambo lingeisha. Lakini wazee nao walikuwa wamegawanyika kwa bendera, hivyo hakuna aliyeniita. Usidhani kutoadhibiwa ni bahati, mwanangu. Kosa lisilohukumiwa halina siku ya kuisha.

Chama changu kilishinda. Mzee Shabani alifunga duka, akahamia Nkwenda kwa binti yake. Miaka michache baadaye mwenyekiti wa tawi letu, aliyepiga makofi kuliko wote, alihamia chama kile kile tulichokiita cha Wapwani. Alivaa kofia yake mpya, tukamtania kidogo, tukaendelea kumsalimia. Yeye tulimzoea kwa wiki moja.

Nilichelewa kwenda Nkwenda. Mwaka wa kwanza nilisema acha hasira zipungue. Wa pili nikasema kahawa haijavunwa. Nilikwenda mwaka wa sita. Mzee alikuwa amekaa kibarazani, amekonda, macho yameingia ukungu, lakini salamu yangu aliitambua. Nikapiga magoti. Nikasema yote, pamoja na kwamba azimio lilikuwa langu.

"La kwangu nilikusamehe zamani," alisema. "Ningebeba kinyongo cha kijiji kizima nisingefika Nkwenda. Lakini aliyezikwa siye mimi, Eliasi. Zuhura hakuwa na kadi ya chama chochote. Bendera yenyewe hakuipenda, alisema inaziba mwanga wa dirisha. La kwake sina mamlaka nalo."

Kisha akamwita binti yake anitengee chakula. Nilikula, sijui nilikula nini. Alipofariki, mwaka uliofuata, nilikwenda, nikachimba, nikabeba. Kosa langu kwa Bi Zuhura halikupungua. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Wangu ameshakuwa mtu mzima, na bado naishi naye.

Nakuandikia haya kwa sababu juzi nimesikia kwamba ninyi vijana wa kitongoji mnajadiliana kwenye simu zenu kumwondoa jirani katika kundi la kuzikana, kwa kuwa amevaa fulana ya chama msichokipenda. Na wazo hilo, nimeambiwa, ni lako.

Basi nisikilize. Siasa ifanye. Bishana, piga kampeni, pigia kura unayemwamini. Hilo sikukatazi, na Mzee Shabani asingekukataza. Lakini msiba si mkutano wa hadhara. Fimbo ya mbali haiui nyoka: hao wakubwa unaowapigania hawaijui hata njia ya kufika kwenu, ila jirani unayemfuta jina ndiye atakayesikia kilio cha mama yako kwanza. Usimwite mtu mgeni mahali walipozikwa wazee wake. Ukichekwa, chekwa, uende nyumbani ulale. Usigeuze aibu yako kuwa azimio la watu wote. Na ukikosa, nenda ukaombe radhi wiki hiyo hiyo, maana kuna msamaha ambao mwenyewe huondoka nao, na hakuna mrithi anayeweza kukupa. Kalirudishe jina la jirani yako leo, kabla hujamaliza kusoma mara ya pili.

Mungu akupe ulimi mwepesi wa kutoa pole. Akupe majirani wa kubishana nao mpaka uzeeni, na asikuonyeshe siku ambayo utamwomba radhi mtu asiyeweza kukujibu. Amina.